Springa ya kutengenezewa Ngamiani kwenye pikipiki yangu ya CG: uzoefu wangu

Nianze na jibu, maana najua wengi mnalitafuta hilo tu. Ndiyo, ukiwa Tanga unaweza kutengenezewa springa ya mbele inayoendeka, bila kuagiza kitu nje. Ila pesa yako usiimalizie kwa mchomeleaji; mgao mkubwa mpe anayekereza vyuma kwa mashine. Ile miguu inayometameta ndiyo inayopigwa picha, lakini springa inakufa au kupona kule chini, kwenye vipande viwili vya chuma pembeni ya gurudumu, na kwenye fimbo ya breki ambayo mtu haioni mpaka aoneshwe.

Kwa asiyeifahamu: springa ni ule mtindo wa kizamani wa springi za wazi pale mbele ya taa. Harley-Davidson walizifunga kwenye pikipiki zao kubwa mpaka 1948, mwaka uliofuata wakaja na shokapu za mafuta, zile za Hydra-Glide. Mwaka 1988 wakairudisha springa kwa ajili ya sura, na mimi pia nimeitaka kwa ajili ya sura. Asikudanganye mtu kwamba inafanya kazi kuliko shokapu za kawaida. Haifanyi.

Ina jozi mbili za miguu. Ya nyuma imekazwa kwenye shingo na kazi yake ni kubeba na kukata kona. Ya mbele inapanda na kushuka, na juu inasukuma springi. Chini, kila upande kuna kikono kifupi: mwisho wake wa nyuma unaning'inia kwenye mguu wa nyuma, katikati kinashikwa na mguu wa mbele, na ncha ya mbele inabeba ekseli. Mguu wa mbele ukishika katikati kabisa, gurudumu likipanda milimita 80 springi inabanwa 40 tu, lakini kwa nguvu mara mbili. Ndiyo maana springi laini haifai, na ndiyo maana bushi za hapo, yaani vibomba vya ndani ya maungio, zinateseka.

Karakana ya kwanza niliyoingia siitaji. Kijana alinitolea bomba la maji la mabati akasema, "Kaka, hili zito, halipindi." Bomba lenye mshono, limepakwa zinki ambayo ukiichomelea moshi wake unakulaza na homa, ndilo linibebe kwenye kilomita 80 kwa saa mbele ya lori la saruji la Pongwe? Niliaga kwa adabu.

Karakana ya pili, ndani huko kwenye barabara za namba, ndiyo iliyofanya kazi hii, nayo naisifu. Mchomeleaji ni kijana makini. Mabomba yasiyo na mshono niliyapata kwenye chuma chakavu, ukuta wake unazidi milimita 3, akayakagua moja moja kwa kuyagonga na kuyaviringisha juu ya kioo cha meza kuona kama yamenyooka. Alichomelea kwa rodi za 7018, na kabla ya hapo alizikausha kwa moto. Rodi hizo hazitaki unyevu, zikinyonya maji mshono unaweza kupasuka baadaye bila dalili, na hewa ya Tanga, wenyewe mnaijua, ni unyevu mtupu. Mishono yake imekaa vizuri mpaka leo.

Lakini aliyenifanya niamini ni mzee anayekereza, mlango wa jirani. Amekulia kwenye karakana ya shamba la mkonge, enzi ambazo kipuri kikivunjika kinatengenezwa palepale. Nilimwamkia:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Gurudumu liko wapi?"

Nikamwambia nimekuja na vipimo vyake. Akarudi kwenye mashine yake. Nikaenda kulileta gurudumu, na ekseli, na sahani ya breki.

Yeye ndiye aliyeukataa mchoro wetu. Kijana alikuwa ameuchora kutoka picha ya kwenye simu, vikono virefu vya kupendeza. Mzee akavuta chaki sakafuni: mstari unaopita katikati ya shingo ya fremu mpaka ardhini, na pale tairi linapogusa. Tairi linatakiwa liguse nyuma ya mstari huo, na kwa pikipiki nyingi za barabarani umbali huo ni milimita 80 hadi 120 hivi. Ukipungua sana, usukani unakuwa mwepesi na unaanza kutetemeka ukikolea mwendo. Ukizidi sana, pikipiki inakuwa nzito kukata kona na ukienda polepole usukani unataka kuangukia upande. Springa inaisogeza ekseli mbele, na kila inaposogea umbali huo unaliwa.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Tairi ni 2.75-18, kutoka ekseli mpaka chini ni milimita 300 hivi. Shingo imelala digrii 30 kutoka wima, na sini ya 30 ni nusu. Nusu ya 300 ni 150. Toa umbali wa ekseli kutoka ule mstari wa shingo, ukiupima kwa pembe mraba. Kisha gawa kwa 0.866, ndiyo kosini ya 30. Ekseli ikikaa 65 mbele unapata 98, salama. Vikono vya kwenye picha vilikuwa vinaipeleka karibu 100, yaani unabaki na 58. Pikipiki ingependeza sana imeegeshwa.

Basi vikono vikafupishwa. Kijana alinuna kidogo, sura ya mchoro wake ilikuwa imepungua, lakini vikakatwa kwenye bamba nene na kutobolewa kwa pamoja, viwili vimebanwa kama kimoja, ili matundu yafanane. Ukitoboa kimoja kimoja, gurudumu litakaa upande na hutajua kwa nini pikipiki inavuta kushoto.

Bushi ni za bronzi. Niliulizia nailoni kwa kuwa ni rahisi, mzee akacheka tu. Alipomaliza ya kwanza aliipaka pini mafuta mepesi, akaisimamisha juu ya tundu, akaiachia. Ikashuka taratibu kwa uzito wake wenyewe, haikudondoka, haikukwama. Akaitoa, akaifuta, akasema, "Hii ndiyo unayolipia." Ndani ya kila bushi kuna mfereji wa grisi, na nje kitundu cha kupigia. Bolti zote za kule chini ni za daraja la 10.9, zina nati za kufungwa na pini. Kwenye duka la vipuri soma kichwa cha bolti. Isiyo na namba rudisha.

Sasa breki, na hapa nawaomba msome polepole. Fungua gurudumu la mbele la CG au Boxer ya breki ya drum. Sahani inayobeba viatu vya breki ina mfereji unaoshika jino la mguu wa shokapu. Jino hilo ndilo linaloizuia sahani isizunguke pamoja na gurudumu. Ukitoa shokapu, jino limekwenda nazo. Nimeona springa ya mtu mjini hapa ambayo sahani imezuiwa na waya wa breki peke yake! Mwingine ataikaza sahani kwenye kikono, na hiyo nayo ina adhabu yake: ukishika breki, gurudumu linakisukuma kikono chini na pua ya pikipiki inanyanyuka wakati wewe unataka itulie. Dawa ni fimbo inayotoka kwenye sahani kwenda kwenye mguu wa nyuma, yenye maungio yanayocheza ncha zote mbili, inayokwenda sambamba na kikono na kulingana nacho urefu. Ile nguvu ya kunyanyua inakwisha. Yangu mzee aliikereza maungio yake kama alivyokereza bushi, na breki ya mbele inashika kama ilivyokuwa.

Springi nimetumia za shokapu za nyuma za pikipiki, na ndogo juu yake za kuzuia miguu isigonge inaporudi. Kama utazikata, kata kwa grenda na maji pembeni. Ukikata kwa gesi, pale palipopata moto ugumu umekufa.

Inaendaje? Mjini, lami ya kwenda Raskazone, raha tupu. Barabara ya Muheza inakwenda vizuri mpaka ufike kwenye matuta. Springa yangu haina mafuta ya kuituliza, kinachoizuia kuchezacheza ni msuguano tu, kwa hiyo tuta la kwanza unalipita na pikipiki inaendelea kuitikia mpaka tuta la pili. Matuta madogo yaliyopangwa karibu karibu ndiyo mabaya zaidi. Napunguza mpaka gia ya pili. Vumbi na mashimo ya vijijini siipeleki, na mtu wa bodaboda nisingemshauri hata kwa bure. Mbebe abiria na mzigo wa machungwa kwenye kitu hiki uone.

Trafiki wamenisimamisha, wakaizunguka, wakavuta breki wakiwa wameisukuma, wakaniachia. Usukani usiozidi upana na breki inayoshika ndivyo walivyovitazama.

Kasoro ni mbili. Springi zimeanza kutu kwa upepo wa bahari. Rangi ya kawaida haidumu kwenye chuma kinachojikunja muda wote, kwa hiyo nazifuta kwa kitambaa chenye mafuta kila ninapoiosha. Na grisi ya bushi hainisamehi. Ukiichelewesha, kikono kinaanza kulia, hasa baada ya mvua.

Bei ni ya mazungumzo, siitaji, ila zaidi ya nusu ya nilichotoa kilikwenda kwenye kukereza, na jumla yake ungenunua seti kadhaa za shokapu mpya za Kichina. Kingine ni kusubiri. Mzee huyo huyo ndiye anayekereza shafti za boti za wavuvi, na boti zikipandishwa pwani kwa matengenezo, hizo zinatangulia. Hata ukimwongezea hela harukishi foleni. Mimi nilijaribu.