Kozi ya video ya kunyanyua kwenye barafu: nyota nne, sehemu ya sheria irekebishwe

Kwa wale mnaoteleza kwenye barafu kwa jozi, yaani mwanaume na msichana, hii kozi ya kumnyanyua mwenzako juu mi naipa nyota nne kati ya tano na karibu zote zimetoka kwenye masomo ya miguu ya mwanaume. Kozi nyingi zinakimbilia mabega na kupiga pushapu wakati nguvu ya kumpandisha mtu inatoka kwenye magoti. Humu kocha anang'ang'ania hapo hapo mpaka kieleweke, mnakunja magoti pamoja, msichana anaruka mwenyewe, mwanaume anamsindikiza huku magoti yananyooka na viwiko vinafunga mwishoni kabisa, ukichelewa kidogo unabaki unamsukuma kwa mabega na mgongo ndo unaumia. Kamera imewekwa chini karibu na barafu kwahiyo unaona bledi (vyuma vya chini ya viatu) zinavyozunguka kwa hatua fupi fupi, uzito upo katikati ya bledi, hauendi kwenye meno ya mbele.

Msichana naye hajasahaulika, anafundishwa kukaza tumbo na kukandamiza viganja vya mwenzake, maana akilegea tu anakuwa mzito ghafla.

Nimependa pia wanavyokulazimisha kila kitu ufanye nchi kavu kwanza na watu wa kudaka wakiwa pembeni. Msione ni uoga. Totmianina na Marinin, jozi ya Urusi, walikuwa mabingwa wa dunia tayari ila 2004 kule Pittsburgh walianguka wakiwa kwenye kunyanyua, dada akapigiza kichwa kwenye barafu, na tunashukuru alipona wakachukua dhahabu ya Olimpiki 2006 Turin.

Sasa sheria. Makundi matano ya kunyanyua, kufuatana na unavyomshika msichana, wameyataja vizuri (kwapa, kiuno, mkono kwa nyonga, halafu mawili ya mkono kwa mkono) na kwamba mwanaume asizidi mizunguko mitatu na nusu. Lakini kuna somo wanasema mikono isipite kichwa, jamani hiyo ni ya dansi ya barafu, mchezo mwingine wa wawili! Kwenye jozi zile za mkono kwa mkono lazima mkono unyooke kabisa juu, na anayeanza akifuata lile somo atakatwa pointi bure. Leveli (viwango vya ugumu vinavyoongeza pointi) nazo wamezipitia juu juu, hawaelezi kwamba kubadilisha mkao wa msichana kule juu, kumbeba kwa mkono mmoja au kuingia kwa njia ngumu ndo vinapandisha leveli. Wakiweka hayo sawa nyota ya tano naiongeza siku hiyo hiyo.