Uzoefu wangu wa kuovakloki Ryzen 5 5600X na memori ya DDR4, kwa anayeanza

Wakuu, hii prosesa nimekaa nayo muda wa kutosha, sasa naweza kuongea habari za kuovakloki, yaani kuendesha prosesa au memori kwa kasi kuliko ile ya kawaida iliyowekewa. Ni Ryzen 5 5600X, kori 6, kiwandani imewekwa gigahezi 3.7 na ikijisukuma yenyewe inafika 4.6, mazabodi yangu ni ya B550 na memori ni DDR4, vijiti viwili vya giga 8 kila kimoja vilivyoandikwa 3600 CL18 (3600 ni kasi, CL ni mizunguko ambayo memori inasubiri kabla ya kutoa data, ikiwa ndogo ndo nzuri). Naandika kwa ajili ya yule ambaye hajawahi kugusa bayosi, ile sehemu ya setingi za mazabodi unayoingia kabla Windows haijafunguka, na anaogopa ataunguza kitu, maana maelezo mengi yanaanzia juu mno, mtu anamwagiwa volti na vifupisho kabla hajaambiwa aanze na nini.

Anza na memori. Kwenye haya yote ningekuwa na nafasi ya kusema kitu kimoja tu ningesema hicho. Watu wakisikia kuovakloki akili yote inaenda kwenye prosesa, kumbe vijiti vyao vya memori vinatembea taratibu kuliko vile walivyolipia na wenyewe hawana habari. Ukichomeka kijiti kilichoandikwa 3600, mazabodi haikiwashi kwa 3600, inakiwasha kwa kasi ya kawaida ya usalama, 2133 au 2400 au 2666 kutegemea na kijiti, kwa volti 1.2. Ile 3600 imehifadhiwa ndani ya kijiti chenyewe kama profaili inayoitwa XMP, kwenye baadhi ya mazabodi za AMD utaikuta imeandikwa DOCP au A-XMP, na kwenye DDR5 AMD wana ya kwao inaitwa EXPO. Unaingia bayosi, unaichagua, unasevu, unatoka, basi. Volti inapanda hadi 1.35, ambayo ndo mtengenezaji wa vijiti alivipimia. Kama hujui yako iko wapi fungua Task Manager, sehemu ya memori, kasi imeandikwa pale. Alafu kama mazabodi ina nafasi nne na wewe una vijiti viwili, mara nyingi vinatakiwa viwe nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, vikikaa pamoja upande mmoja unapoteza karibu nusu ya njia ya data na hakuna profaili itakayokurudishia.

Kwangu badiliko lilionekana kwenye gemu zinazokula prosesa, sio sana kwenye wastani wa fremu, bali kwenye zile fremu za chini, ile picha kukwama kwama pale vitu vingi vinapotokea kwa mpigo ikapungua kabisa. Kwenye Ryzen kuna sababu yake. Ndani ya prosesa kuna njia inayounganisha kori na memori, wanaiita Infinity Fabric, na inapenda kwenda sambamba na memori. Memori ya DDR inapeleka data mara mbili kwa kila mzunguko, kwahiyo 3600 kiuhalisia ni megahezi 1800, na fabric nayo inakaa 1800, wanatembea hatua moja. Ukitaka makubwa ukaweka memori ya 4000, fabric inabidi ifike 2000 na prosesa nyingi za kizazi hiki hazifiki huko, sasa memori na fabric zinaachana na data inachelewa zaidi njiani, unaishia kuwa na namba kubwa na mashine nzito. Ndo maana 3600 inasifiwa sana kwa hizi, na hata 3200 ni nzuri tu. Hesabu ya kuchelewa ni rahisi: chukua CL zidisha kwa 2000 gawanya kwa kasi, 3200 CL16 inakupa nanosekunde 10, 3600 CL18 nayo ni 10 hiyohiyo, 3600 CL16 inashuka karibu 8.9. Nilijaribu kubana vyangu viwe CL16 kwa volti 1.4, vikawaka vizuri tu na Windows ikafunguka, lakini MemTest86, programu ya kupima memori, ikaanza kutoa makosa, nikavirudisha 18 na sina kinyongo navyo.

Hapo kwenye MemTest86 naomba usiruke. Memori mbovu haizimi mashine kwa kelele siku zote, inaweza ikakuharibia mafaili kimyakimya, picha zako, kazi zako, hadi Windows yenyewe, na wewe unaendelea kusevu juu yake. Weka hiyo programu kwenye flashi, iwashe jioni, iache usiku kucha. Kosa moja ni kosa, usiseme ni kidogo. Na nakala ya vitu vyako vya muhimu iwe pembeni kabla hujaanza.

Prosesa sasa. Zamani kuovakloki kulikuwa na faida ya kutisha, Celeron 300A ya 1998 ilikuwa ya megahezi 300 ila ukipandisha kasi ya njia inayounganisha prosesa na mazabodi (bus) kutoka megahezi 66 hadi 100 inakimbia 450, yaani nusu nzima juu bure. Siku hizi watengenezaji wameshachukua karibu chote, prosesa inajipima joto na umeme yenyewe na kujipandisha mara nyingi ndani ya kila sekunde. Nilipoweka kori zote 4.5 kwa volti ya kudumu 1.3, kazi za kori zote kama kurenda video zilienda haraka kidogo, lakini kazi za kori moja zikapoteza ile 4.6 ya mwanzo, na joto likapanda sana. Joto linafuata volti mara volti, kutoka 1.2 kwenda 1.3 peke yake ni kama asilimia 17 zaidi hata kabla hujaongeza kasi. Mi binafsi hii njia simshauri anayeanza.

Kilichonifurahisha kweli ni Curve Optimizer, iko ndani ya PBO kwenye bayosi, ile sehemu ya AMD ya kurekebisha jinsi prosesa inavyojisukuma yenyewe. Badala ya kuongeza volti unapunguza, unaiambia kila kori itumie pungufu kidogo, hatua moja ni kama milivolti 3 hadi 5, na kwakuwa joto linashuka prosesa yenyewe inapata nafasi ya kukimbia zaidi ndani ya zile wati 76 ilizoruhusiwa. Kama bado unatumia feni iliyokuja kwenye boksi usiguse hizo wati, cheza na curve tu. Nilianza hasi 10 kori zote, nikashuka polepole, nyingine zimekubali hasi 20 na zile mbili bora zimegoma mapema, ni kawaida maana kori bora tayari zilishapangiwa volti ndogo. Angalia sana hapa, curve iliyopunguzwa kupita kiasi haianguki kwenye kazi nzito, inaanguka mashine ikiwa imetulia unasoma kitu tu, ghafla inarestati. Kwahiyo kupita programu za kuibebesha prosesa kazi nzito kama Cinebench au Prime95 kwa kori zote hakutoshi, tumia CoreCycler inayopima kori moja moja, na uchungulie Event Viewer ya Windows kama kuna makosa ya WHEA, yaani makosa ya vifaa ambayo Windows imeyaandika.

Kwa wa Intel, prosesa yenye herufi K na mazabodi ya Z ndo zinakuruhusu kupandisha kori, na kwa AMD mazabodi za A320 na A520 haziruhusu kuovakloki prosesa. Waranti pia, AMD na Intel wote wanasema uharibifu wa kuovakloki hauhusiki, ujue hilo mapema.

Mashine ikigoma kuwaka baada ya kubadili kitu usipaniki, chomoa umeme, toa ile betri bapa ya CR2032 kwa dakika kadhaa au unganisha pini za kufuta CMOS (kumbukumbu ya setingi za bayosi), bayosi inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Badili kitu kimoja kimoja, na kila ukurasa wa bayosi uliougusa upige picha kwa simu, kwasababu ukisasisha bayosi setingi zote huwa zinafutika, na hata ukizirudisha vilevile pima upya, curve iliyokuwa imetulia kwenye toleo la zamani inaweza ikagoma kwenye jipya.