Uzoefu wangu na Château Léoville Barton 2014: chupa mbili, hukumu mbili

Nimefungua chupa mbili za mvinyo huu, za mavuno ya mwaka mmoja, nikazionja kwa pamoja. Ya kwanza ilitoka kwa muuzaji wa Ulaya mwenye ghala la chini ya ardhi, euro 84. Ya pili ilitoka duka moja la mjini huku Pwani, jina silitaji, kwa bei iliyokaribia mara moja na nusu ya hiyo. Ile ya euro 84 ni mvinyo wa hali ya juu na nitaununua tena. Ile ya bei kubwa nusu yake imekwenda kwenye sinki. Shamba ni lilelile na lebo ni ileile. Kilichotofautiana ni miaka kumi ya utunzaji, nayo unailipia ukipenda usipende.

Kwanza tujue kilichomo. Ni mvinyo mwekundu wa Ufaransa, unaotoka Saint-Julien, eneo dogo la wilaya ya mvinyo ya Médoc, kaskazini mwa jiji la Bordeaux, ukingo wa kushoto wa mlango wa mto Gironde, kati ya maeneo ya Pauillac na Margaux. Ardhi yake ni changarawe nene: inapitisha maji upesi na inashika joto la jua, na hapo ndipo Cabernet Sauvignon, zabibu ya ganda nene inayochelewa kuiva, inapofanya kazi yake. Ndiyo inayochukua sehemu kubwa ya mvinyo huu, ikifuatiwa na Merlot, na Cabernet Franc kidogo. Baada ya kuchachuka unakaa kwenye mapipa ya mwaloni kwa muda wa kama mwaka mmoja na nusu. Katika orodha ya mwaka 1855, iliyoyapanga mashamba bora ya Bordeaux kwa madaraja, shamba hili liliwekwa daraja la pili, na familia ya Barton, yenye asili ya Ireland, inalimiliki tangu 1826. Jumba lililochorwa kwenye lebo si la Léoville Barton. Ni la Langoa, shamba la jirani la familia hiyohiyo.

Mwaka 2014 Bordeaux ilikuwa na Agosti ya ubaridi, watu wakaanza kukata tamaa, halafu Septemba ikaja kavu yenye jua, hali ikaendelea hadi mavuno ya Oktoba. Matokeo unayaonja: zabibu ziliiva ganda, lakini uchachu haukupotea. Anayetafuta mvinyo mzito wenye utamu wa jamu, kama ulivyotoka mwaka wa joto wa 2009, ataiona 2014 imekaza sana. Mimi naipendea hapohapo.

Maandalizi yanahitaji subira zaidi kuliko vifaa. Simamisha chupa wima angalau saa 24 ili mashapo yashuke chini. Kama imesafiri kwenye begi la ndege, iache itulie wiki mbili. Halafu joto. Ule ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu kwa "joto la chumba" ulitungwa kwa vyumba vya Ulaya vya zamani, vya nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa kikiwa nyuzi 30, pombe inapanda puani kama spiriti na ladha inalegea. Iweke chupa kwenye friji, wima, saa moja na nusu hivi, kisha pima kwa kipimajoto cha jikoni. Ndoo ya maji na barafu inafanya kazi hiyo kwa takriban robo saa, ila usiizungushe chupa ndani ya barafu, maana mashapo uliyoyasubiri siku nzima yatapanda yote. Nilianza na nyuzi 16, kwa sababu kwenye glasi mvinyo unapata moto wenyewe upesi.

Kizibo ni kirefu, karibu sentimita 5, na kizibuo kifupi cha bei rahisi kitakikata katikati. Tumia kizibuo chenye waya wa mzunguko, siyo kile cha mabawa chenye msumari mnene kama skrubu, ambao unachimba kizibo badala ya kukishika. Kata utepe wa bati chini ya ukingo wa mdomo, futa mdomo kwa kitambaa, ingiza waya hadi ubaki mzunguko mmoja, vuta polepole. Kumimina kwenye jagi la kioo ni hatua moja tu: washa tochi ya simu chini ya shingo ya chupa, mimina bila kusita, na uzi mweusi wa mashapo ukifika begani, acha. Utapoteza kama mililita 30. Ukisita katikati na kuanza tena, yanatibuka.

Sasa glasi. Iwe ya tumbo pana na mdomo uliobana, na usijaze. Mililita 80 zinatosha kuonja. Niliinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Katikati rangi ni nzito, huoni maandishi chini yake. Ukingoni imeanza kugeuka kuwa damu ya mzee, upana wa kama nusu sentimita. Kwa mvinyo wa miaka kumi hiyo ni dalili njema. Ukingo wa kahawia ungenitia shaka.

Harufu ya mwanzo, kabla ya kutikisa, ilikuwa chache: mbao na kitu kama jiwe lililolowa. Hapa ndipo wengi wanapoukosea mvinyo huu. Wanafungua, wanamimina, wanakunja uso, wanasema ni mkavu na haunukii. Baada ya dakika 40 kwenye jagi ikatoka karanti nyeusi, ile harufu wengi tunayoijua kwa Ribena, ila bila sukari. Nyuma yake zambarau. Saa mbili zilipofika kikaja kile ninachokisubiri kwa Saint-Julien: kalamu ya risasi iliyochongwa sasa hivi, mti na risasi yenyewe pamoja, halafu tumbaku kavu, karafuu kwa mbali, na majani yaliyooza kidogo msituni baada ya mvua. Haipigi kelele. Unarudisha pua mara nne na kila mara kuna kingine.

Mdomoni, pima vitu vitatu kimoja kimoja. Uchachu unausikia kwenye mate: ukimeza, inamisha kichwa, na mdomo ukijaa mate haraka, uchachu uko juu. Huu uko juu, safi kama ndimu iliyochanganywa na maji mengi. Cha pili ni ukakasi, unaotokana na tanini za maganda, mbegu na mwaloni. Usiutafute kwenye ulimi. Pitisha ulimi juu ya fizi za mbele. Aliyewahi kuuma bibo anaujua ukakasi wenye mikwaruzo; huu hauko hivyo. Unashika fizi zote kwa usawa, kama poda laini ya kakao, unakaza kisha unaachia. Ukakasi wa namna hii ndio unaotenganisha mvinyo wa daraja na mvinyo mkali tu, na hauigizwi kwa kuongeza mwaloni. Cha tatu ni urefu. Wafaransa wanahesabu kwa caudalie, na moja ni sekunde moja ya ladha inayobaki baada ya kumeza au kutema. Nilihesabu 35 kabla tumbaku haijapotea. Upungufu upo: katikati ya mdomo, kati ya tunda la mwanzo na ukakasi wa mwisho, kuna mahali ladha inapungua unene. Mvinyo wa 2016 wa shamba hilihili hauna pengo hilo. Kwa hiyo 2014 ninaipa 93 kati ya 100, na hiyo 93 ni ya saa ya pili. Ya dakika ya tano ingekuwa 88.

Chupa ya pili ilijieleza kabla ya kufunguliwa, na kosa ni langu kutoikagua dukani. Kizibo kilikuwa kimeinuka kama milimita 2 juu ya mdomo, utepe wa bati haukuzunguka nilipousokota kwa vidole kwa sababu umegandishwa na mvinyo uliovuja, na kimo cha mvinyo kilikuwa kimeshuka hadi chini ya shingo, wakati kwenye ile nyingine mvinyo ulikuwa bado ndani ya shingo. Hayo ni madhara ya joto. Chupa ikikaa rafu ya juu chini ya taa, kiyoyozi kikizimwa kila duka linapofungwa, kimiminika kinatanuka mchana na kusukuma kizibo, mvinyo unapenya pembeni. Usiku ukipoa unanyonya hewa. Ukirudia hivyo miezi kadhaa, unapata nilichopata: ukingo wa kahawia, harufu ya zabibu kavu zilizochemshwa na mchuzi wa soya, na mdomoni utamu bandia unaokatika baada ya sekunde tano, ukiacha ukali wa siki. Jagi halisaidii hapo, wala friji.

Usichanganye kasoro hiyo na ya kizibo, inayoletwa na kemikali iitwayo TCA. Ile inanuka kadibodi iliyolowa, gunia bichi lililofungiwa stoo, na inaua tunda lote bila kubadili rangi. Ikikaa hewani inazidi. Ile si ya joto wala ya duka, inaweza kuipata chupa yoyote yenye kizibo cha gome, na muuzaji mwenye adabu anarudisha pesa.

Dukani, basi, zungusha utepe wa bati, tazama kimo cha mvinyo kwenye mwanga, pitisha kidole juu ya mdomo. Muulize muuzaji kama kiyoyozi kinalala kikiwaka. Akicheka, nunua bia.

Kwa chakula, kwao Médoc wanaula na mwanakondoo wa Pauillac, na sababu yake inafaa popote: tanini zinashikana na protini na mafuta ya nyama badala ya fizi zako, ukakasi unashuka, tunda linapanda. Mbuzi choma wa chumvi tupu, paja au mbavu zenye mafuta, alikaa nao vizuri kabisa. Pilipili weka mbali, maana pombe inauongeza moto wake na mvinyo unabaki uchungu. Samaki pia hapana: madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo mwekundu yanaamsha shombo mdomoni. Kachumbari yenye ndimu nyingi inaufanya uonekane mchovu.

Kama euro 84 ni nyingi, na kwa wengi wetu ni nyingi, Langoa Barton ya mwaka huohuo inatengenezwa na timu ileile, ni daraja la tatu, na kwa kawaida bei yake iko chini. Ina ukakasi laini zaidi na urefu mfupi kidogo. Mwenye sehemu ya kuhifadhi yenye nyuzi 12 hadi 14 zisizobadilika anaweza kuiacha Léoville Barton 2014 hadi 2035 bila wasiwasi. Asiyekuwa nayo ainywe mwaka huu.

Robo iliyobaki ya chupa nzuri niliihamishia kwenye chupa ndogo ya mililita 187, nikaijaza hadi juu isibaki hewa, nikaitia friji. Kesho yake jioni karanti ilikuwa imepungua, tumbaku imezidi, na lile pengo la katikati ya mdomo lilikuwa limejaa kidogo. Siku ya tatu ilikuwa imeanza kuchoka.