Rivyu ya seti ya bendera za maharamia: kitambaa sawa, cheti sasa ndo balaa

Nianze na kitambaa maana ndo kitu watu wanauliza kwanza. Seti ina bendera 6, poliesta nyepesi, zimepigwa printi upande mmoja ila rangi imepenya hadi nyuma, kwa hiyo upande wa pili fuvu unaliona limefifia kidogo na herufi zimegeuka. Pindo wameshona mistari miwili, na kuna vitundu viwili vya chuma vya kupitishia kamba. Ukutani inatulia vizuri tu. Nje kwenye upepo ule ukingo unaopepea ndo utaanza kufumuka, lakini hilo ni la bendera zote, hata za serikali. Kama unatafuta pambo la sherehe au chumba cha mtoto, ishia hapa, agiza, utafurahi.

Mi kilichonitoa kwenye mstari ni makaratasi yaliyomo ndani ya boksi. Kuna kijitabu, na kuna cheti cha uhalisia kina muhuri wa dhahabu kabisa, eti dizaini zote 6 zimenakiliwa kutoka kwenye bendera asili za manahodha hao "zilizohifadhiwa hadi leo". Zilizohifadhiwa wapi jamani? Hapa nilikaa chini nikaanza kupekua moja moja, maana hili suala nimelifuatilia muda mrefu na najua bendera za maharamia zilizobaki duniani ni za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na hakuna hata moja ambayo imethibitishwa kuwa ya nahodha maarufu unayemjua wewe. Si ya Blackbeard, si ya Rackham, si ya Roberts, hao manahodha wa maharamia wa miaka ya 1710 na 1720. Hamna.

Zile zinazotajwa sana ni tatu. Moja iko Mariehamn, visiwa vya Åland huko Finland, kwenye makumbusho ya bahari. Nyingine iko St. Augustine, Florida, kwenye makumbusho ya maharamia ya Pat Croce, yule tajiri aliyeanza kuonyesha mkusanyiko wake Key West halafu akauhamishia hapo mwaka 2010, ng'ambo ya barabara tu kutoka ngome ya Wahispania ya Castillo de San Marcos. Hiyo ya Florida wenyewe wanasema ni ya karne ya 19, sasa piga hesabu: maharamia wote ambao majina yao yako kwenye boksi langu enzi zao za uharamia zilikuwa zimeshaisha kabla ya 1730. Yaani hata kama bendera ile ni orijino asilimia mia, ni ya kizazi kingine kabisa cha wezi wa baharini.

Ya tatu ndo naipenda mimi. Iko Uingereza, kwenye makumbusho ya jeshi la majini kule Portsmouth, na ni nyekundu. Ndio, nyekundu, fuvu na mifupa juu ya nyekundu. Ilitekwa kwenye mapambano karibu na pwani ya Afrika Kaskazini mwaka 1780, aliyeichukua ni luteni anaitwa Richard Curry ambaye baadaye alipanda hadi kuwa admirali, ikatunzwa na ukoo wake, na mwaka 2011 ndo ikawekwa watu waione. Hapo una jina la aliyeichukua, una tukio, una mwaka, una njia iliyopita mpaka ikafika kwenye kabati la kioo. Hicho ndo kinaitwa ushahidi, siyo muhuri wa dhahabu. Bado unaweza ukauliza, hao waliotekwa walikuwa maharamia kweli au walikuwa na kibali cha mtawala fulani wa pwani ile, maana miaka hiyo Algiers, Tunis na Tripoli walikuwa na meli zao za kuteka zenye baraka za serikali, na mtu mwenye kibali kwa sheria za wakati ule hakuwa haramia hata kama kwa aliyeibiwa hakuna tofauti yoyote. Swali zuri, liulizwe. Lakini angalau unauliza kuhusu kitu ambacho kipo.

Na kwenye seti yangu bendera nyekundu ngapi? Sifuri. Zote nyeusi. Wakati mwaka 1718, Blackbeard alipoivamia meli ya Protestant Caesar kwenye ghuba ya Honduras, gazeti la Boston liliandika kwamba zilikuja meli kubwa na mashua zake, baadhi zina bendera nyeusi zenye fuvu na nyingine tatu zina bendera nyekundu za damu. Nyeusi ilikuwa onyo, jisalimishe tuongee. Nyekundu maana yake huruma imeisha. Mtu anayeuza "historia kamili" akiiacha nyekundu nje ameacha nusu ya habari.

Sasa Blackbeard mwenyewe. Bendera yake kwenye seti ni ile unayoijua, kiunzi cha mifupa kina pembe, mkono mmoja kina saa ya mchanga, mwingine mkuki unachoma moyo, pembeni matone ya damu. Picha kali, ndo imewekwa juu ya boksi. Shida ni kwamba hakuna mtu aliyemwona Blackbeard akiwa hai aliyewahi kuielezea hivyo. Aliuawa Ocracoke, kisiwa cha North Carolina, Marekani, Novemba 22, 1718, na taarifa za wakati wake zinasema tu bendera nyeusi na fuvu basi. Ila kuna watu wengine kabisa waliokuwa na picha inayofanana na hiyo. Julai 19, 1723, kule Newport, Rhode Island, walinyongwa maharamia 26 kwa siku moja, kundi la Charles Harris, na bendera yao ilitundikwa pale pale kwenye mti wa kunyongea. Nayo ilielezewa vizuri: mauti ameshika saa ya mchanga mkono mmoja, mwingine mshale, mbele ya mshale moyo unatiririka matone matatu ya damu. Wenyewe walikuwa wakisema wataishi na kufa chini yake, na wakafa chini yake kweli. Kwa hiyo Harris ananyongwa na bendera yake, miaka mia mbili baadaye wachoraji wa karne ya 20 wanampa Blackbeard kwa sababu jina lake linauza. Bendera yenyewe ya Newport haijabaki, yamebaki maelezo. Hii ndo ingekuwa stori ya kuweka kwenye kijitabu, badala yake wameandika aya nzima kuhusu ndevu!

Ya Rackham, fuvu na panga mbili zimekatizana, ni hivyo hivyo. Alikamatwa Jamaica mwaka 1720 na Jonathan Barnet, akanyongwa Novemba 18 mwaka huo huo, kesi yake iliandikwa na ikachapishwa, na panga zile hazimo popote. Ni dizaini nzuri sana lakini. Hata mi naitundika hiyo.

Ya Henry Every nilicheka kwa sauti. Fuvu limetazama upande, limefungwa kitambaa kichwani na limevaa hereni. Hereni! Every huyu ndo yule aliyeipora Ganj-i-Sawai, meli ya mfalme Aurangzeb wa Wamughal, mwaka 1695, miaka mitano kabla ya maelezo ya kwanza tuliyonayo ya fuvu na mifupa kwenye bendera ya haramia. Hilo fuvu la hereni ni katuni tu. Ya Thomas Tew nayo, mkono umeshika upanga, sina la kusema, ipo ipo tu haina mizizi.

Zilizobaki mbili ndo zinaiokoa seti. Emanuel Wynn, Julai 1700, alifukuzwa na meli ya kivita ya Waingereza, HMS Poole, karibu na Santiago visiwa vya Cape Verde, na nahodha wa Poole, John Cranby, akaandika alichokiona: bendera nyeusi, fuvu, mifupa, saa ya mchanga. Kwenye seti iko hivyo hivyo, saa iko chini ya fuvu. Mpangilio wenyewe Cranby hakuchora, kwa hiyo hapo wamebuni kidogo, lakini naisamehe.

Halafu Bartholomew Roberts, mtu amesimama juu ya mafuvu mawili, chini ya moja ABH na jingine AMH, yaani kichwa cha mtu wa Barbados na kichwa cha mtu wa Martinique, visiwa viwili ambavyo watawala wake walimkera kwa kumsaka. Hii imeelezewa kwenye maandishi ya 1724, miaka miwili tu baada ya kifo chake, ndo maana naiheshimu. Na mkasa wa Roberts ndo unakujibu swali la kwa nini hizi bendera hazipo. Alipouawa Februari 10, 1722 karibu na Cape Lopez, pwani ya Gabon ya leo, akipigana na meli ya kivita ya Waingereza HMS Swallow, watu wake walitaka bendera itupwe baharini isije ikasimama kuwa shahidi dhidi yao, wala adui asipate cha kujivunia. Moja ikanasa chini ya mlingoti ulioanguka wakashindwa kuitoa, Swallow ikaipata. Wengine 52 wakaishia kunyongwa Cape Coast, pwani ya Ghana ya leo. Sasa wewe ni haramia, unaona jeshi la majini linakuja, kile kitambaa juu ya mlingoti ndo hukumu yako ya kifo, utakitunza kiwe kumbukumbu ya wajukuu? Unafunga jiwe unazamisha.

Na zile chache ambazo hazikuzamishwa zimeliwa na rangi yake yenyewe. Nyeusi ya zamani mara nyingi ilipatikana kwa chuma na tanini (kemikali ya magome ya miti), na chuma kile kinaendelea kula nyuzi polepole miaka na miaka mpaka kitambaa kinakuwa kikavu kinavunjika vunjika ukikigusa. Ongeza jua, chumvi, nondo kwenye sufu, panya. Angalia Whydah, meli ya haramia Sam Bellamy iliyozama Cape Cod, Marekani, Aprili 26, 1717: ilipatikana mwaka 1984, na 1985 wakatoa kengele imeandikwa jina la meli, hakuna ubishi tena hapo, ni meli ya maharamia yenye uthibitisho. Mizinga ipo, sarafu zipo. Waliokamatwa walitoa ushahidi kwamba ilikuwa na bendera kubwa nyeusi yenye fuvu na mifupa. Bendera iko wapi? Bahari imekula. Meli ya Blackbeard, Queen Anne's Revenge, iliyopatikana North Carolina mwaka 1996, mambo ni yale yale.

Kijitabu kinadai pia kwamba bendera "asili" zilipimwa umri kwa kaboni. Hapa ndo nikajua aliyeandika hajui anachouza, maana kipimo cha kaboni kwa vitu vya kuanzia katikati ya karne ya 17 kuja huku kinakupa jibu pana sana, 1700 na 1850 hakitenganishi vizuri. Wataalamu wa nguo wanaangalia vitu vingine. Mshono wa cherehani? Basi siyo ya 1720, cherehani zimeanza kuenea miaka ya 1850. Rangi ya kutengenezwa maabara? Ya kwanza kuuzwa kwa wingi iligunduliwa 1856. Ukimulika taa ya UV, ile yenye mwanga wa zambarau, gizani kitambaa kikang'aa weupe wa bluu kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga, hiyo inakutia shaka hapo hapo, maana zile dawa za kung'arisha ni za karne ya 20. Vipimo hivi vinaweza kukuambia feki ni feki, ila hata kimoja hakiwezi kukuambia nani aliipandisha mlingotini. Hilo linahitaji makaratasi, kama ya Curry. Kwa hiyo ukikutana na mtu anakuuzia mnadani "bendera halisi ya haramia" haina historia ya umiliki, huyo anakupiga changa la macho mchana kweupe.

Tena kama hamu yako ni kuona fuvu lenye historia isiyo na shaka, nenda Gosport, ng'ambo ya maji kutoka Portsmouth, kwenye makumbusho ya nyambizi. Nyambizi za Uingereza zilianza utani huu Septemba 1914, Max Horton na E9 yake walipoizamisha meli ya kivita ya Kijerumani Hela wakarudi nyumbani wamepandisha fuvu, kujibu admirali mmoja aliyewahi kusema kazi ya nyambizi ni ya kiharamia. Utani ukawa mila, na HMS Conqueror ilipandisha yake 1982 ikitoka vita vya Falklands. Zimeshonwa na mabaharia wenyewe, kila alama ina maana, kila moja unajua ya meli gani. Maharamia hao wana risiti kuliko maharamia wenyewe.

Haya, nyota. Kitambaa na printi 4 kati ya 5. Kijitabu 1, na hiyo moja ni kwa ajili ya Wynn na Roberts. Cheti hakina nyota, kipeleke kwenye karatasi za kuwashia moto. Kwa ujumla naipa 3 kwa sababu bendera zinapendeza na watoto hawaulizi mambo ya Rhode Island.

Muuzaji kama unapita hapa, rekebisho lako ni dogo wala halihitaji mashine mpya: ile ya kiunzi na moyo toa jina la Blackbeard weka "kundi la Charles Harris, 1723", ile ya hereni itoe kabisa, nafasi yake weka nyekundu ya fuvu kama ile ya Portsmouth. Nitanunua tena.