Boti ya kasi iliyotumika kwa Ziwa Victoria lililochafuka: ipi itangulie, ipi iachwe

Mtu anayetafuta boti ya kasi huku Kisumu huanza kwa kuuliza injini ina nguvu farasi ngapi, na muuzaji humjibu kwa furaha kwa sababu hilo ndilo swali rahisi. Injini inaweza kufunguliwa bolti na kuwekwa nyingine kwa siku moja. Tumbo la boti, yaani umbo lake chini ya maji pamoja na mihimili iliyofichwa chini ya sakafu, ndilo utakaloishi nalo mpaka uiuze. Kwa sababu hiyo mpangilio ulio hapa chini unatanguliza tumbo, kisha uimara wa ujenzi, na injini inakuja mwisho.

Sababu iko katika ziwa lenyewe. Ziwa Victoria lina eneo la takribani kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu, na Ghuba ya Winam, uliko mji wa Kisumu, ni ya kina kifupi zaidi. Upepo ukivuma mbali juu ya maji yasiyo na kina, mawimbi huwa mafupi, yaliyosimama wima na yanayofuatana upesi, kiasi kwamba boti haijamaliza kushuka wimbi la kwanza kabla ya kukutana na la pili. Mchana upepo wa ziwa huingia ghubani kutoka magharibi. Anayetoka Kisumu saa nane kwenda Mbita, safari ya takribani kilomita 70, hupigwa na mawimbi usoni, na anayerudi jioni hufukuzwa nayo kutoka nyuma. Ukishakipita kisiwa cha Rusinga kuelekea visiwa vya Mfangano na Remba, hakuna tena nchi kavu ya kukukinga. Kwa hiyo boti inayofaa ni ile inayolikata wimbi bila kuvunja mgongo wa abiria, na ambayo omo yake, yaani sehemu ya mbele, ina ujazo wa kutosha kuinuka inapolifikia wimbi la mbele badala ya kuchimba ndani yake.

Umbo linaloweza kazi hiyo linajulikana tangu mwaka 1960, wakati boti iliyoitwa Moppie, iliyochorwa na Ray Hunt na kumilikiwa na Richard Bertram, iliposhinda mashindano ya Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka vibaya. Tumbo lake lilikuwa na umbo la V kali kutoka omo mpaka tezi, yaani sehemu ya nyuma, bila kulainika na kuwa bapa nyuma kama boti nyingi za kasi za wakati huo, na pembe yake ilikuwa karibu nyuzi 24 kila upande. Karibu kila boti ya kasi ya bahari kuu inayouzwa leo ni mtoto wa wazo hilo. Umbo hilo lina gharama zake, kwani linahitaji nguvu zaidi ili boti ipande juu ya maji, na hulala ubavu kwa urahisi inaposimama watu wakihamia upande mmoja. Kwa ziwa letu ningetafuta nyuzi 20 hadi 24 zikipimwa pale tezi. Chini ya 17 uti wa mgongo utalipa tofauti ya bei. Usimwamini muuzaji kuhusu pembe hiyo: boti ikiwa juu ya trela iliyosawazishwa, weka ubao ulionyooka chini ya tumbo karibu na tezi na usome mwinamo wake kwa programu ya simu.

Ya kwanza katika mpangilio huu ni boti ya wazi ya faiba yenye usukani katikati, urefu wa futi 22 hadi 26, V kali, na injini moja au mbili zinazoning'inia tezi. Nyingi zinazopatikana nchini zilikuwa za uvuvi wa kitalii huko Mombasa, Kilifi, Watamu na Malindi. Ninaiweka mbele bila kusita kwa sababu imejengwa kwa ajili ya mawimbi makubwa kuliko yetu, mtu anaweza kuizunguka kote bila kupanda juu ya viti, na injini yake huinuliwa unapofika ufuo usio na gati, jambo ambalo hapa ni la kila siku. Magugumaji nayo yana sehemu katika uamuzi huu. Yakiziba matundu ya kunyonya maji ya kupozea, unazima, unainua mguu wa injini, yaani sehemu yake inayoingia majini, unayaondoa kwa mkono na kuendelea na safari. Vivyo hivyo nyavu zikijizungusha kwenye propela.

Hata hivyo, boti iliyotoka pwani imeishi katika chumvi, na hapo ndipo ukaguzi uwe wa subira. Anza na ukuta wa tezi unaobeba injini, kwa kuwa ndani yake mara nyingi kuna plaiwudi iliyofunikwa kwa faiba. Maji yakipenya kupitia tundu la bolti, plaiwudi huoza huku uso wa nje ukiendelea kung'aa. Ukandamize mguu wa injini kwa uzito wa mwili wako huku mwenzako akiutazama ukuta: ukicheza hata kidogo, au ukiona nyufa zinazotoka kwenye bolti, ama maji ya kahawia yakichuruzika humo, umeoza. Kisha pitia tumbo na sakafu yote ukigonga kwa mpini wa bisibisi. Faiba nzima hulia kwa sauti kavu na kali, ilhali iliyoachana na tabaka lake au kulowa ndani hujibu kwa sauti nzito iliyokufa. Usiruke omo na mistari ya chini inayobeba kishindo, wala usikubali kuambiwa kwamba sakafu inayobonyea ni kapeti tu. Chini ya sakafu iko mihimili ya urefu ambayo nayo mara nyingi ni mbao iliyovikwa faiba, na kuibadilisha ni karibu sawa na kuijenga boti upya. Rangi mpya kwenye tumbo la boti ya zamani ni sababu ya kuuliza maswali zaidi, hasa ikiwa imepakwa sehemu moja tu.

Kwa upande wa injini, fundi apime mgandamizo wa kila silinda, na tofauti kati ya silinda isizidi asilimia 10 hadi 15. Mafuta ya gia yakitoka meupe kama maziwa, maji yameingia. Injini za kisasa za mipigo minne huhifadhi idadi ya saa zilizofanya kazi katika kompyuta yake, na mwenye vifaa anaweza kuzisoma badala ya kukisia. Hata hivyo, nikipewa nafasi ya kuchagua, ningechukua boti yenye tumbo zima na injini iliyokufa, ikiwa bei inaonyesha hivyo, kuliko injini mpya iliyofungwa kwenye ukuta uliooza. Tenga kabla ya kununua kama robo ya fedha zako kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Anodi za zinki, yaani vipande vya metali vinavyoliwa na kutu badala ya injini, zilizofungwa kwa ajili ya bahari zibadilishwe ziwekwe za magnesi au alumini, maana zinki haifanyi kazi ipasavyo katika maji yasiyo na chumvi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wauzaji wa pwani hawalifikirii. Kisumu iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Injini iliyokuwa na nguvu farasi 200 Mombasa inafika hapa ikiwa na kama 178. Propela iliyochaguliwa kwa usawa wa bahari huwa nzito kwake, hivyo injini haifikii mizunguko iliyopangwa na mtengenezaji, inachoka na kunywa petroli bure. Dawa yake ni propela ambayo hatua yake, yaani umbali inaopaswa kusogea kwa mzunguko mmoja, ni fupi kwa inchi moja au mbili. Kila inchi inayopunguzwa huongeza mizunguko kama 150 hadi 200 kwa dakika. Mnunuzi asiyejua hili huilaumu boti nzuri.

Ya pili ni boti ya faiba iliyojengwa hapa nchini kwa ajili ya ziwa, ndefu na nyembamba kuliko zile za pwani, mara nyingi ikiendeshwa kwa Yamaha Enduro ya nguvu farasi 40 hadi 75. Wengine wangeiweka ya kwanza, nami siwapingi ikiwa kazi yako ni kubeba abiria au samaki kuliko kukimbia. Enduro ni ya mipigo miwili na kabureta, inanywa zaidi kuliko ya mipigo minne ya nguvu hiyohiyo, lakini fundi wa Dunga, Mbita au Usenge anaifungua akiwa amefumba macho na vipuri vyake vinapatikana. Udhaifu uko kwenye ujenzi, kwa sababu ubora hutofautiana sana kutoka karakana moja hadi nyingine. Tafuta unene wa faiba kwenye tundu lolote lililotobolewa, hesabu mbavu za ndani, na ulizie kama kuna vyumba vilivyozibwa vya kuelea ili boti ikijaa maji isizame. Kama muuzaji hawezi kukuonyesha vilipo, chukulia kwamba havipo.

Ya tatu ni boti ya tumbo gumu la V iliyozungushiwa mirija ya hewa, ile inayotumiwa na waokoaji duniani kote. Katika maji yaliyochafuka ni bora kabisa, nyepesi na haipinduki kirahisi. Inashuka hadi nafasi ya tatu kwa sababu ya jua letu. Mirija ya plastiki ya PVC huachia gundi kwenye mishono baada ya miaka ya kuanikwa, ilhali ile ya mpira wa Hypalon hustahimili zaidi, na kubadilisha mirija yote hugharimu fedha nyingi. Ijaze hewa jioni, urudi asubuhi uione imebaki vipi.

Ya nne, boti ya matumbo mawili, ni laini ajabu ikiwa na mzigo wa wastani. Ikizidishiwa mzigo, daraja la katikati linaloyaunganisha matumbo hushuka na kupigwa na mawimbi. Hapa kwetu mzigo huzidishwa.

Ya tano ni ile ambayo vijana huiota: boti ndefu ya mashindano ya aina ya Cigarette au Donzi, yenye injini mbili za V8 ndani na miguu nje ya tezi. Tumbo lake ni zuri mno, na Don Aronow aliyezianzisha kampuni hizo alijua bahari kuliko wengi. Lakini kwa kanuni ya mafundi, injini ya petroli ikiendeshwa kwa nguvu zake zote hunywa galoni za Kimarekani kwa saa zinazokaribia sehemu moja ya kumi ya nguvu farasi zake, kwa hiyo mbili za nguvu farasi 300 hunywa zaidi ya lita 220 kwa saa. Mpira wa mikunjo unaozuia maji pale mguu unapotoka nje ukipasuka, boti huzama ikiwa imefungwa bandarini. Mifereji ya moshi iliyopozwa kwa maji ya chumvi hulika kwa ndani, na nafasi ya kuifikia ni finyu. Inunue tu kama una fundi wako mwenyewe na gati yenye kina.

Boti bapa za watalii zinazoletwa kutoka Naivasha kwa bei nafuu sizipangi kabisa. Zilitengenezewa kazi nyingine na hazifai kuvuka kwenda Mfangano.

Majaribio yafanyike mchana, upepo ukiwa umeshaingia, kukiwa na watu na mafuta ya kiasi utakachobeba kila siku. Endesha dhidi ya mawimbi, kisha uyape mgongo, na usikilize kama kuna mlio wa kitu kinachojikunja chini ya sakafu. Hakikisha kamba ya kuzimia injini inaizima kweli. Mkirudi, fungua kifuniko cha chini uone maji yaliyoingia, na kama pampu ilikuwa ikifanya kazi muda wote bila wewe kuambiwa.

Kabla ya kulipa, soma namba ya boti iliyochongwa upande wa kulia wa tezi. Kwa boti zilizotengenezwa Marekani tangu katikati ya miaka ya 1980, tarakimu mbili za mwisho huonyesha mwaka wa modeli, na zikipingana na maneno ya muuzaji, amini namba. Iwe sawa na iliyo kwenye hati za mauzo na za forodha, na namba ya injini iwe vivyo hivyo. Ikiwa utabeba abiria, boti lazima ikaguliwe na kusajiliwa na Mamlaka ya Baharini ya Kenya, KMA. Ni afadhali kumlipa mkaguzi aitazame ikiwa bado ni mali ya muuzaji, ili kasoro atakazoziandika zipunguzwe kwenye bei.