Mita ya gesi yenye kasha la alumini: ndani safi, shida iko nje

Nikimwonyesha mteja mita hii, swali lake la kwanza ni kama gesi haitaila alumini. Haiili. Nimefungua moja iliyokaa kazini miaka mingi, nikapangusa ndani ya kasha kwa kitambaa. Kitambaa kilitoka na mafuta meusi kidogo, na chini yake metali ya kijivu, haina shimo wala kipele. Methani haina ugomvi na alumini. Hata gesi yenye unyevu na kabonidayoksaidi, au ile yenye salfidi ya hidrojeni inayonuka mayai viza, ambayo huchakaza chuma cha kawaida vibaya, hapa haipati pa kuanzia. Alumini ikikutana na hewa hujivika utando wa oksidi, mwembamba wa nanomita chache tu, na utando huo hukaa imara pH, yaani kipimo cha asidi na alikali, ikiwa kati ya 4 na 8.5 hivi.

Nyota moja naikata kwa sababu ya nje. Hii niliyonunua ilikuja na viungio vya shaba ya njano vilivyokaa moja kwa moja juu ya alumini, bila hata wasa wa plastiki katikati. Pakavu haina neno. Penye umande au hewa ya chumvi, metali hizo mbili zikiloa pamoja, alumini ndiyo inayoliwa: rangi inavimba pembeni mwa kiungio, ukiikwangua kwa ukucha unadondoka unga mweupe, na chini yake kuna vishimo. Saruji mbichi nayo ni adui, maana alikali yake imeipita mbali hiyo 8.5. Kama ukuta utapigwa plasta baada ya mita kufungwa, ifunike vizuri.

Kibandiko hakitaji aloi, yaani mchanganyiko wa metali uliotumika, na hilo linaniudhi. Aloi nyingi za kumimina zina shaba ndani yake, na shaba ikizidi, kutoboka kunakuja mapema.

Kuna wanaoniuliza habari za zebaki. Kweli, huko Skikda, Algeria, mwaka 1973 zebaki iliyokuwamo kwenye gesi iliharibu vibadilisha joto vya alumini, na leo mitambo ya kugeuza gesi kuwa kimiminika huichuja kwanza. Hayo ni ya mitambo ile, si ya mita ya ukutani.

Nyota nne. Nitaagiza nyingine, ila wasa nitanunua kando.