Miche ya bei rahisi ya vitalu vya Tabora kwa kazi ya bonsai: ipi ununue, ipi uiache

Kiriba cha duranta cha shilingi 2,000, au muraya wa shilingi 5,000, utakupa bonsai (mti unaofupishwa na kupewa umbo la mti mkongwe ndani ya chombo) bora kuliko kile kichungu kilicho tayari, kilichopambwa kokoto nyeupe, kinachouzwa mara kumi ya bei hiyo. Tunazungumzia vitalu vya Tabora mjini, vile vya kando ya barabara vinavyouza miche ya fensi, ya kivuli na ya matunda mahali pamoja. Bei hubadilika kwa msimu na kwa mtu anavyojua kupatana, ila kiwango ni hicho. Tumeangalia miche isiyopukutisha majani tu, yenye majani mapana, kwa sababu ndiyo inayopatikana mwaka mzima na ndiyo inayovumilia mkasi wa mtu anayeanza.

Mtu wa bonsai asiishie safu ya mbele ya kitalu. Mbele hupangwa miche mirefu iliyonyooka, majani yanang'aa, shina unene wa kalamu. Hiyo ni ya mwenye nyumba anayetaka fensi. Pita nyuma, kwenye miche iliyokosa mnunuzi misimu miwili au mitatu, ambayo imekuwa ikikatwa kichwa ili isirefuke. Kila ilipokatwa, ilitoa matawi chini, na shina likanenepa pale penye udongo. Muuzaji huiona ni mabaki, nawe unalipia kitu ambacho kingekuchukua miaka kukitengeneza. Bonsai ya aina hii hutoka kwenye sentimita 15 za chini. Kilicho juu ya hapo kitakatwa, hivyo usikilipie.

Huduma ina kasoro moja inayoua miche mingi. Kiriba kikikaa muda mrefu chini, mzizi mkuu hukitoboa na kuzama ardhini. Siku ya kuuza, kiriba kinavutwa, mzizi unakatika, na mche unapakiwa kwenye bodaboda juani. Ukiwa ni mwezi wa Oktoba, siku ya pili majani yamelala. Dawa yake ni kumwomba muuzaji aunyanyue mche na kuuacha kivulini palepale kitaluni wiki mbili, akiumwagilia, nawe utangulize kishika uchumba. Ukirudi usiukute umesimama, pesa yako imeokoka kwa sehemu kubwa.

Kabla ya kulipa, fukua. "Shikamoo mama, naomba nifukue kidogo hapa kwenye shina," na wengi hukubali. Ondoa udongo kwa kidole, sentimita mbili au tatu kwenda chini. Unatafuta mizizi inayotoka pande zote za shina, na shina linalopanuka linapoingia udongoni. Ukikuta mzizi mmoja mnene umejizungusha shingoni mwa shina, achana nao, kwa kuwa utalikaba kadiri unavyonenepa, na ukiukata unaweza kukuta ndio uliokuwa ukilisha mti wote. Kwangua gome kidogo kwa ukucha kwenye kila tawi unalolitegemea: kijani kibichi ni uhai, kahawia kavu ni kuni. Geuza majani uangalie wadudu wenye unga mweupe mfano wa pamba na vidugamba vilivyogandia kwenye mishipa.

Tabora ni mkoa wa tumbaku, na anayelima tumbaku anaijua minyoo fundo, vile vijidudu vya udongoni vinavyoshambulia mizizi. Udongo wa kitalu ukichotwa kwenye shamba la zamani la tumbaku au nyanya, huja nayo. Ukiona mizizi myembamba ina vinundu vinundu, usiupeleke mche huo nyumbani hata ukipewa bure, kwa sababu utaambukiza udongo wa vyombo vingine.

Sasa miche yenyewe. Muraya (Murraya paniculata) ndio bora kuliko yote kitaluni, na mara nyingi muuzaji hana jina lake, hivyo utambue kwa macho: vijani vidogo vinavyong'aa vilivyopangwa pamoja kwenye kikonyo kimoja, maua meupe yenye harufu nzuri, vitunda vyekundu. Ukisugua jani linanukia kwa mbali ukoo wa ndimu. Mti wake ni mgumu, gome jeupe linaonekana la uzee mapema, na kovu halizami likaoza kirahisi. Hasara ni kwamba hunenepa polepole mno, hivyo nunua unene unaoutaka, usitegemee kuukuza. Majani yakigeuka njano huku mishipa ikibaki kijani, mche umekosa madini ya chuma. Mara nyingi sababu ni maji ya kisima yenye chokaa. Kinga maji ya mvua kwenye ndoo uyatumie hayo.

Duranta, hasa ile ya majani ya njano ya fensi, ni ya kujifunzia, na kwa kazi hiyo hakuna wa kushindana nayo. Kata shina libaki sentimita 10 au 12 mvua zikishakolea, na ndani ya wiki chache utaona machipukizi kila mahali, mpaka kwenye gome la zamani. Bakiza manne au matano, mengine yang'oe yakiwa madogo. Udhaifu wake uko sehemu mbili. Kwanza, ubao huoza: kata kwa mshazari ili maji yasituame juu ya kidonda, karibu na chipukizi hai, kisha paka vaselini kidonda chote. Ukiacha kisiki kikavu, kuoza kutashuka ndani ya shina na baada ya misimu michache utabaki na bomba. Pili, chipukizi hunyofoka kwenye kwapa, pale linapoungana na shina. Likiwa bichi la urefu wa kiganja, ukilikunja kwa haraka linatoka lote na kipande cha gome. Subiri kitako chake kianze kuwa na rangi ya ubao, likamate kwa vidole viwili pale kwapani, ndipo uzungushe waya wa kulielekeza. Vitunda vyake vya rangi ya chungwa vina sumu. Penye watoto wadogo, vikate vikiwa maua.

Fikasi benjamina ipo kila kitalu na huwa ya kwanza kupendwa, ila ina tabia ambayo wauzaji hawaisemi. Tawi lake ukilikata likabaki bila jani hata moja, mara nyingi halichipui, linakauka hadi shinani. Kwa hiyo punguza kwa hatua, kila mara ukibakiza jani au mawili mbele ya mkato. Ukiihamisha hudondosha majani mengi. Usiongeze maji kwa hofu, maana mizizi isiyo na majani ya kulisha huoza. Utomvu mweupe unaotoka ufute kwa kitambaa chenye maji. Zile zilizosukwa mashina matatu pamoja huuzwa ghali zaidi, na kwa bonsai ndizo zisizofaa: penye fundo la msuko shina huvimba kuliko chini yake, na kasoro hiyo haifichiki.

Boganvilia inachipua vizuri na inavumilia ukame wa Juni hadi Oktoba kuliko wenzake, japo kwenye kiangazi kikali hupunguza majani. Shida ni mizizi yake, myembamba na inayokatika kwa kuguswa. Usiichambue wala kuiosha udongo wote kwa bomba. Chana kiriba kwa wembe, kata theluthi ya chini kwa msumeno wa chuma mara moja, panda. Mpera uliotokana na mbegu una gome zuri linalobanduka vipande, lakini majani yake hayapungui ukubwa sana, kwa hiyo unafaa mti wa sentimita 40 na kuendelea. Ashoki na mwembe viache. Ashoki imeumbwa kwenda juu, na mwembe una majani marefu yaliyokusanyika kwenye ncha huku pingili za katikati zikiwa tupu.

Kosa kubwa la wanaonunua miche hii ni kufanya kazi yote siku moja: kukata juu, kukata mizizi, kufunga waya. Hapa tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, Novemba hadi Aprili, na unatosha kugawa kazi. Kata juu katikati ya Novemba mvua zikishashika, mizizi uiache kama ilivyo ndani ya kiriba. Ifikapo Januari majani mapya yatakuwa yamekomaa, na yanalisha mizizi. Hapo ndipo uhamishe. Mche utakuwa na miezi mitatu ya unyevu kujirudisha kabla ya upepo mkavu. Anayehamisha Septemba anaupeleka mti kwenye joto na hewa kavu ukiwa hauna mizizi.

Chungu cha bonsai hakihitajiki miaka miwili ya mwanzo. Beseni la plastiki la upana wa sentimita 30 na kina cha 10 linatosha. Toboa matundu manane ya sentimita moja kwa msumari wa moto, ziba kwa vipande vya wavu wa mbu wa dirishani, pitisha waya kwenye matundu mawili ili uufunge mti usitikisike. Mti unaoyumba hukata mizizi yake mipya kila upepo unapovuma, na watu wengi hulaumu mbolea.

Mchanga wa Tabora usitumie peke yake. Ni laini, hujaza nafasi zote za hewa, na kwenye chombo cha kina kifupi maji husimama chini. Mchanganyiko unaofanya kazi ni sehemu mbili za tofali la kuchoma lililovunjwavunjwa, sehemu moja ya chenga za mkaa, na sehemu moja ya samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi sita au zaidi. Tofali na mkaa viwe punje za milimita 3 hadi 6. Vichekeche kwa wavu uleule wa dirishani na vumbi lote ulimwage. Tofali lenyewe lijaribu kwanza: loweka kipande usiku kucha. Kikigeuka tope asubuhi, hakikuiva tanuruni, na kitaziba beseni lako ndani ya msimu mmoja.

Wakati wa kuhamisha, chambua mizizi kwa njiti ya mshikaki, ukianzia shinani kwenda nje (isipokuwa boganvilia, tumeshasema). Ondoa theluthi moja, hasa iliyozunguka ukuta wa kiriba, fupisha mzizi mkuu, linda ile myembamba. Funga mti, mwaga udongo, chokonoa kwa njiti ileile mpaka pasibaki pango, kisha mwagilia hadi maji yanayotoka chini yawe safi. Wiki tatu kivulini, halafu jua la asubuhi mpaka saa nne. Mbolea baada ya wiki nne. NPK 10:18:24 ya tumbaku inafaa, kijiko kimoja cha chai kwenye lita 5 za maji. Iache ilale usiku, tumia maji ya juu, mara moja kila wiki mbili wakati wa mvua tu.

Waya maalumu wa bonsai usijisumbue kuutafuta. Waya wa shaba wa umeme wa 1.5 na 2.5 (milimita za mraba) uliovuliwa plastiki unatosha matawi mengi. Kwanza uweke kwenye makaa mpaka uive mwekundu, uache upoe: unakuwa laini, na ukishaukunja unakakamaa. Waya wa kufungia nondo usizungushe kwenye tawi. Utumie kuvuta tawi chini, ukiweka kipande cha tyubu ya baiskeli pale unapogusa gome. Wakati wa mvua kagua kila wiki. Duranta huumwa na waya ndani ya wiki tatu, na alama hiyo ya msokoto hubaki miaka. Waya ukate vipande kwa plaizi, usiufungue kwa kuuzungusha.

Kuhusu umbo tuna msimamo: miti hii ya majani mapana isilazimishwe kufanana na msonobari wa Kijapani wenye matawi yaliyolala ngazi ngazi. Tazama miembe mikongwe ya Tabora na ya Ujiji, ile ya njia za zamani za misafara. Shina fupi nene, linagawanyika mapema, matawi yanapanda kwanza ndipo yanapanuka, na kilele ni mviringo mpana. Muraya na duranta hufika kwenye umbo hilo karibu zenyewe, kwa kukata kila chipukizi likifikisha majani sita na kubakiza mawili.

Tukirudi kwenye vile vichungu vilivyo tayari, ambavyo navyo huwa mezani mbele kabisa: kwa bei ile mnunuzi ana haki ya kusogeza kokoto nyeupe aone mizizi, na ya kumwomba muuzaji akigeuze chungu aone chini. Mara nyingi chini ya kokoto kuna kipandikizi cha mwaka mmoja kilichonyooka, waya ukiwa tayari umezama kwenye gome. Na chungu kikiwa hakina tundu, kirudishe mezani, hata kama mti wenyewe umekupendeza.